Kipande cha nyama kwanza: mwongozo kamili wa limfoma ya utumbo kwa familia za Bukavu

Baba mmoja wa Kadutu, muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, aliletwa wodini kwetu akiwa amekwisha kutibiwa tifoide mara tatu katika miezi minne. Mke wake alibeba mfuko wa plastiki uliojaa ordonansi, karatasi za kuandikiwa dawa, kila moja ya kituo chake. "Munganga," akaniambia, "tumbo yake inavimba mangaribi, asubuhi inashuka. Dawa ya tifoide amekunywa mpaka imeshindwa." Mimi ni muuguzi, si daktari, lakini kwetu kila aliyevaa koti jeupe ni munganga, nami nimeacha kubishana. Suruali ya mzee ilifungwa kwa kamba. Usiku alitoka jasho hadi shuka ikabadilishwa mara mbili.

Alikuwa na limfoma ya utumbo, na tulichelewa kuijua. Tifoide ilikula miezi minne. Kisha kituo kimoja kikampa prednisone, dawa ya jamii ya steroidi, bila kuchukua kipimo chochote cha uvimbe. Kwa wiki mbili alipona kabisa: akala bugali, akacheka na wajukuu, uvimbe ukasinyaa. Ukarudi kwa kasi, na daktari wa upasuaji alipokata kipande, maabara ikajibu kwamba seli nyingi zimekufa na jina la ugonjwa halisomeki. Ikabidi kungoja na kumkata tena.

Kwa hiyo utaona nikirudi mara nyingi kwenye jambo moja: kipande cha nyama ya uvimbe kiende maabara kabla ya dawa. Vipimo vya dozi sitavitaja, kwa kuwa huhesabiwa na daktari kwa urefu, uzito na hali ya damu ya kila mgonjwa. Nitaeleza njia, ili familia ijue iko wapi na iulize nini.

Ni ugonjwa gani huu

Limfoma ni saratani ya limfositi, zile seli nyeupe za damu zinazoulinda mwili. Watu hudhani inakaa kwenye tezi za shingo na kwapa tu. Lakini utumbo nao umejaa limfositi, hasa mwisho wa utumbo mwembamba, pale unapoungana na utumbo mpana, upande wa kulia chini ya kitovu, jirani na kidole tumbo. Hapo ndipo limfoma hupenda kuanzia ikiingia utumboni. Kwenye utumbo mpana peke yake ni adimu sana: haifiki saratani 1 kati ya 100 za sehemu hiyo.

Haiambukizi. Sahani na kitanda cha mgonjwa havina hatari kwa mtu. Wala si karuho, ile sumu ya kulishwa kwa siri. Nalisema hili waziwazi kwa sababu najua mtu akikonda huku tumbo likivimba, jirani wa kwanza kuingia nyumbani atanong'ona kwamba amelishwa sumu, na mwingine atakuja na dawa ya kutapisha au ya kuingiza kwa njia ya haja kubwa. Utumbo wenye uvimbe ukuta wake umedhoofika. Ukiulazimisha, unaweza kutoboka, na utumbo uliotoboka huua kwa siku, si kwa miezi.

Hatua ya 1: kujua lini tifoide imetosha

Dalili zake hazina sura yake peke yake: maumivu yanayokuja na kuondoka, kukonda, kuhara kusikoisha au choo kufunga, damu kwenye kinyesi au kinyesi cheusi kama lami, uvimbe unaoshikika kwa mkono. Kwa watoto mara nyingine utumbo huingia ndani ya utumbo mwenzake kama mkono wa shati ulioviringishwa, mtoto akalia kwa vipindi, kisha akatapika kijani. Huyo hapelekwi kituoni kwa vidonge, anapelekwa hospitali yenye chumba cha upasuaji, siku hiyo hiyo.

Madaktari huuliza pia mambo matatu kwa mkazo: homa ya zaidi ya nyuzi 38 isiyo na sababu, jasho la usiku linalolowesha nguo, na kupungua zaidi ya sehemu 1 kati ya 10 za uzito ndani ya miezi 6. Yapimeni, msiyakadirie. Mizani ya soko inatosha, mradi iwe ile ile kila wiki na mwandike tarehe.

Kuhusu tifoide, neno moja. Kipimo cha Widal hutafuta kingamwili, si mdudu mwenyewe. Katika mji ambamo maji yanatusumbua na tifoide haikosekani, mtu mzima na afya yake anaweza kutoka na Widal chanya. Basi Widal chanya mara tatu haithibitishi tifoide tatu. Kanuni yangu, na ni yangu tu: homa au maumivu ya tumbo yakirudi baada ya dozi moja iliyomezwa sawasawa hadi mwisho, usikubali dozi ya pili ya dawa ile ile kabla ya mtu kulitazama tumbo kwa ekografia, picha ya mawimbi ya sauti. Hali kadhalika kwa amiba.

Hatua ya 2: ekografia na damu

Ekografia ni rahisi kuliko skana (CT) na ipo katika hospitali nyingi za mji. Mpimaji aambiwe atazame utumbo wenyewe, si ini na figo tu. Ukuta wa utumbo ulionenepa hadi ukafanana na figo pasipo figo, tezi zilizovimba kuzunguka mishipa mikubwa, maji tumboni, wengu uliokua: vyote viandikwe pamoja na vipimo vya sentimita.

Kwenye damu wataangalia hesabu ya seli, figo, ini, na kitu kinachoitwa LDH, kinachopanda seli zinapozaliana na kufa kwa wingi. LDH ikiwa juu haithibitishi limfoma, lakini huonyesha ukubwa wa mzigo. Kipimo cha VVU kifanywe mapema, bila aibu. VVU huongeza hatari ya limfoma, na kuujua mapema hubadilisha mpango mzima kwa faida ya mgonjwa. Kipimo cha homa ya ini B nacho hakikosekani. Nitasema kwa nini chini.

Hatua ya 3: kipande chenyewe

Hapa ndipo vita vyenyewe vilipo, kwa sababu ya kifua kikuu. Kifua kikuu cha tumbo hupenda pembe ile ile ya utumbo, huleta homa ile ile ya jioni, jasho lile lile, kukonda kule kule, tezi zile zile kwenye ekografia. Kwetu ni cha kawaida kuliko limfoma, dawa zake ni za bure, kwa hiyo daktari akiwa na haraka huanza nazo na kusema "tuone". Simlaumu kila mara. Lakini "tuone" ya miezi 2 ni muda mrefu mno kwa limfoma ya aina ya Burkitt, ambayo uvimbe wake unaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku chache.

Kipande kinapatikana kwa njia tatu. Uvimbe ulio karibu na mdomo au njia ya haja kubwa hufikiwa na mrija wenye kamera. Mwombeni daktari achukue vipande vingi, 6 hadi 8 au zaidi, kwa kuwa limfoma hujificha chini ya ngozi ya ndani ya utumbo na kipande kimoja cha juujuu hutoka "uvimbe wa kawaida". Uvimbe mkubwa au tezi za tumboni zinaweza kuchomwa kwa sindano nene huku ekografia ikiongoza mkono. Sindano nene, nasisitiza. Sindano nyembamba ya kunyonya seli chache hutosha kutia shaka, lakini mara nyingi haitoshi kutaja jina. Njia ya tatu ni kufungua tumbo, ambayo wengi huifikia bila kupanga, kwa kuwa utumbo umeziba au umetoboka.

Kabla ya kuhangaika na tumbo, daktari apapase shingo, kwapa na kinena. Tezi iliyovimba hapo inatolewa yote kwa ganzi ya sindano, mgonjwa akarudi nyumbani jioni. Nimeona mtu akipasuliwa tumbo huku tezi ya ukubwa wa yai ikimkaa kwapani.

Sehemu ya kipande au maji ya tumbo yapelekwe pia kwenye mashine ya GeneXpert kutafuta kifua kikuu. Sehemu hiyo isitiwe formoli, ile dawa ya kuhifadhia nyama. Na mkumbuke kwamba magonjwa haya mawili yanaweza kukaa kwa mtu mmoja.

Katika siku hizi zote za kungoja, prednisone, dexamethasone na ndugu zake zisiguswe, hata kama mgonjwa anaomba kitu cha kumrudishia hamu ya kula. Dawa hizi huua limfositi, ndiyo maana zimo katika tiba, na ndiyo maana zikitangulia huharibu ushahidi. Isipokuwa daktari aone uvimbe unabana njia ya hewa au uti wa mgongo: hapo maisha kwanza, na kipande kichukuliwe haraka iwezekanavyo.

Hatua ya 4: chupa ya formoli

Hakuna anayeandika kuhusu chupa, nami ningependa kuandika kurasa kumi. Kipande kizuri kilichochukuliwa kwa shida kinaweza kufa njiani kati ya chumba cha upasuaji na anapate, maabara inayosoma nyama kwa darubini, na mara nyingi anayekibeba ni kaka wa mgonjwa, juu ya pikipiki ya taksi.

Kimiminika kinachotakiwa ni formoli iliyopunguzwa hadi asilimia 10, iliyowekwa chumvi maalumu ya kuzuia ukali wa asidi. Maji ya serumu hayafai, na pombe ya kusafishia vidonda pia. Formoli iwe mara 10 ya ujazo wa kipande. Kipande kikubwa cha utumbo kikisukumwa ndani ya kichupa kidogo, formoli hugusa nje tu na katikati kunaoza. Ndiyo maana daktari wa upasuaji hukifungua na kukikata vipande vyembamba kabla ya kukitumbukiza. Chupa iwe na mdomo mpana, kwa kuwa nyama inayoingia laini hutoka ngumu. Jina, tarehe, saa na mahali nyama ilipotoka viandikwe kwenye chupa yenyewe, si kwenye kifuniko: vifuniko hubadilishana.

Siku 2 au 3 ndani ya formoli si neno. Wiki kadhaa zikipita, alama za protini zinazotambulisha aina ya limfoma hufifia. Basi kipande kisilale kabatini kikingoja familia ikusanye pesa ya maabara. Anzeni kuikusanya kabla ya kukatwa.

Karatasi inayoambatana iseme umri, muda wa ugonjwa, hali ya VVU, ekografia ilionyesha nini, na kama mgonjwa alipewa prednisone, lini na kwa siku ngapi. Msifiche. Mtaalamu anayesoma nyama kwenye kioo cha darubini bila kujua hilo anasoma barua iliyolowa maji.

Maabara ikimaliza hubaki na kibonge cha nta ambamo nyama imezamishwa. Kibonge hicho hukaa miaka bila friji na husafiri mfukoni. Mkihamia Kigali au Kampala, ombeni kibonge na vioo vyake, si karatasi ya majibu pekee. Familia zinazofika huko na karatasi tu huambiwa mgonjwa akatwe upya.

Kusafiri kwa nyama kuna historia yake katika ukanda wetu. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Mulago huko Kampala, aliandika mwaka 1958 juu ya uvimbe wa taya za watoto ambao leo unabeba jina lake. Vipande vya uvimbe huo vilipelekwa London kwa ndege, kwa Anthony Epstein. Safari moja ndege ikageuzwa kwenda Manchester kwa sababu ya ukungu, na kipande kikafika kimechelewa, maji yake yamechafuka kwa seli zilizokuwa zikielea. Seli hizo zilizoelea ndizo zilizokubali kuoteshwa maabara, na ndani yake mwaka 1964 kirusi cha Epstein-Barr kikaonekana. Ucheleweshaji wetu sisi haujawahi kuwa na bahati hiyo.

Hatua ya 5: kusoma jibu la anapate

Jibu likisema "limfoma" tu, hamjafika. Ni kama kuambiwa mgeni wenu anatoka Kivu. Linatakiwa jina kamili, na jina kamili hutoka kwenye rangi maalumu zinazoshika alama za seli. Limfositi zina jamii mbili kubwa, seli B na seli T: CD20 inaonyesha limfoma ya seli B, CD3 ya seli T. Ki-67 inasema ni seli ngapi kati ya 100 zinazogawanyika. Maabara isiyo na rangi hizo ipeleke kibonge kwenye iliyo nazo, na nyinyi ndio mtakaofuatilia hadi kiende kweli.

Aina mtakayoisikia zaidi kwa watu wazima ni ya seli kubwa B iliyotapakaa. Ni kali, lakini hutibika na wengi hupona kabisa. Burkitt hushika zaidi watoto na watu wenye VVU. Ki-67 yake hukaribia 100, na chini ya darubini seli hufanana na anga la nyota. Kwa kasi yake hiyo hiyo, huyeyuka haraka mbele ya dawa.

Kisha zipo zilizo adimu zaidi. Ile ya seli za vazi hutawanya vinundu vingi kwenye utumbo kama shanga. Ile ya seli T inayotokana na ugonjwa wa siliaki, ambapo kinga ya mwili huushambulia utumbo mtu akila ngano, inajulikana zaidi Ulaya ya kaskazini. Huwa ngumu kutibu, na mwenye siliaki hana budi kuacha ngano, shayiri na mikate yote ya soko maisha yake yote, ingawa bugali wa mahindi au muhogo hauna neno. Na ipo moja ambayo daktari wa Afrika asiisahau, ya utumbo mwembamba, inayoshika vijana wa nchi za Mediterania, Mashariki ya Kati na Afrika: kuhara kwa miezi, kukonda, ncha za vidole kuvimba na kucha kupinda kama vijiko vilivyopinduliwa. Mwaka 2004 watafiti wa Ufaransa waliihusisha na bakteria wa kuhara, Campylobacter jejuni. Ikikamatwa mwanzoni, inaweza kurudi nyuma kwa antibiotiki tu, kama tetrasiklini, zinazomezwa kwa miezi. Saratani inayorudishwa nyuma kwa antibiotiki! Lakini anayejitibu hivyo bila jibu la anapate anaupoteza wakati ule ule ambao ungemwokoa.

Hatua ya 6: imefika wapi

Skana ya kifua, tumbo na nyonga ndiyo kipimo kikuu. Pasipo skana, ekografia nzuri na picha ya kifua husaidia kuanza. Huongezwa kipimo cha uboho wa mfupa wa nyonga na, kwa Burkitt na aina nyingine kali, maji ya uti wa mgongo. Familia nyingi huogopa sindano ya mgongo kwa kuamini inapoozesha. Huchomwa chini ya pale uti wenyewe unapoishia. Kichwa kinaweza kuuma siku moja mbili.

Limfoma ya utumbo ina ngazi zake, zilizokubaliwa mjini Lugano, Uswisi: ya kwanza iko ndani ya utumbo tu, ya pili imefika tezi za tumboni au kiungo jirani, kisha huruka moja kwa moja hadi ya nne. Ya tatu haipo, kwa hiyo msidhani mmesomewa vibaya. Na ngazi ya nne ya limfoma haimaanishi kile inachomaanisha kwa saratani nyingine. Watu hutibiwa na kupona wakiwa ngazi ya nne. Nimewaona watoto wakigawana mashamba ya baba kwa sababu ya namba hiyo, na baba bado yuko kitandani anasikiliza.

Hatua ya 7: kabla ya dripu ya kwanza

Mshaurikeni kwanza juu ya mahali. Bukavu tunazo hospitali kubwa za rufaa, ile ya mkoa na Panzi, na mazungumzo yaanze hapo: dawa zipi zipo, zipi zinunuliwe, nani atazichanganya. Nje ya mpaka kuna kituo cha saratani cha Butaro, kaskazini mwa Rwanda, kilichofunguliwa mwaka 2012, hospitali za Kigali, na Taasisi ya Saratani ya Uganda pale Mulago. Ulizeni saa za mpaka wa Ruzizi siku ile ile ya safari, kwa kuwa hubadilika. Jetoni ya kuvukia kwenda sokoni Kamembe haitoshi kwa miezi ya matibabu, kwa hiyo pasipoti ishughulikiwe wakati kipande kingali maabara. Hesabuni bei ya mizunguko yote, si ya kwanza. Matibabu yanayokatika katikati hufundisha saratani kuizoea dawa, na mara nyingi ni afadhali mpango mdogo unaokamilika kuliko mkubwa unaokufa mwezi wa tatu.

Kabla ya dripu ya kemotherapia, yaani dawa za kuua saratani, hakikisheni haya yameguswa.

Homa ya ini B. Rituximab, dawa ya limfoma za seli B, na steroidi zinaweza kumwamsha mdudu aliyelala kwenye ini miaka, naye akiamka anaweza kuua. Mwenye nayo hupewa dawa ya kumzuia, kama tenofovir, wakati wote wa tiba na angalau miezi 12 baada ya rituximab ya mwisho.

VVU. Dawa zake zinaendelea, wala hazisimamishwi. Zidovudine ndiyo hubadilishwa, maana inakandamiza uboho sawa na kemotherapia. Mwenye kifua kikuu pia amkumbushe daktari kuhusu rifampicin, inayopunguza nguvu za dawa nyingi. Anayekunywa dolutegravir hulazimika kuinywa mara mbili kwa siku.

Minyoo. Hili linasahaulika. Mnyoo mdogo aitwaye strongiloidi huingia kwa miguu peku shambani na kuishi kimya mwilini miongo. Prednisone ikimpa nafasi, huzaliana na kutapakaa hadi mapafu. Kwa wakulima wetu wa Kabare na Walungu, ombeni ivermectin, dawa ya mnyoo huyo, izungumzwe kabla.

Moyo, kwa sababu ya doxorubicin, ile dripu nyekundu ya kemotherapia: mgonjwa afanyiwe ekografia ya moyo ikiwezekana. Mwanamke apimwe mimba, na vijana waulizwe habari ya kuzaa. Na figo: uvimbe mkubwa ukifa kwa siku mbili humwaga takataka nyingi kwenye damu na kuziba figo. Kuzuia hilo huanza siku moja au mbili kabla, kwa serumu nyingi ya mshipani na allopurinol, na mkojo kupimwa. Familia ndiyo inayopima mkojo kwetu. Tafuteni chupa ya lita yenye alama, mwandike kila kinachotoka. Mkojo ukipungua, mwiteni muuguzi usiku huo huo, msingoje raundi ya asubuhi.

Hatua ya 8: tiba yenyewe

Upasuaji peke yake hauponyeshi limfoma hizi, hata daktari aseme "nimetoa yote". Kisu ni cha kuziba, kutoboka na kuvuja damu. Jeraha likishika, kemotherapia ifuate.

Kwa limfoma ya seli kubwa B, mpango unaotumika duniani huitwa R-CHOP: rituximab, cyclophosphamide, doxorubicin, vincristine, na prednisone ya siku 5 za mdomo. Kila siku 21 mzunguko mmoja, kwa kawaida mizunguko 6. Pasipo rituximab hubaki CHOP, ambayo bado ni tiba ya kweli ingawa nguvu yake imepungua. Ulizeni kuhusu rituximab za watengenezaji wengine, zilizo nafuu kuliko ile ya kwanza. Burkitt inahitaji mpango mkali zaidi wenye dawa ya kuingizwa uti wa mgongo. CHOP pekee haiitoshi.

Mambo ambayo ndugu aliyeketi kando ya kitanda anaweza kuyaona kabla ya yeyote: dripu nyekundu ikivuja nje ya mshipa na mkono ukachoma, piga kelele isimamishwe papo hapo, kwani inaozesha nyama. Mkojo mwekundu siku hiyo si damu, ni rangi ya dawa. Vincristine ni ya mshipa tu. Ikiingizwa mgongoni kwa makosa huua, basi siku ya sindano ya mgongo isiwepo kwenye trei ile. Tena huganzisha vidole na kufunga choo, na mtu mwenye jeraha la utumbo hapaswi kukaa siku 3 bila choo pasipo daktari kujua. Nywele hutoka, kisha huota.

Usiku ambao hamwezi kungoja asubuhi

Kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu, seli nyeupe hushuka chini kabisa. Nunueni kipimajoto. Nyuzi 38 na zaidi siku hizo ni dharura: mgonjwa aende hospitali, antibiotiki ya mshipa iingie ndani ya saa moja, na damu ipimwe malaria pia. Kumpa parasetamoli na kungoja kupambazuke ni kosa linaloua watu ambao saratani yao ilikuwa ikipona. Kama nyumbani kwenu ni Bagira au mlimani ambako usiku haupitiki, mpangie chumba karibu na hospitali kwa wiki hiyo ya pili.

Dharura nyingine ni maumivu makali ya ghafla ya tumbo, hasa katika mizunguko ya kwanza. Uvimbe uliokuwa umeukamata ukuta wa utumbo unayeyuka, na nyuma yake panabaki tundu. Prednisone huficha homa na ugumu wa tumbo, kwa hiyo mgonjwa asiyeonekana vibaya anaweza kuwa vibaya sana. Mwambieni daktari wa zamu maneno haya: "Ana limfoma ya utumbo, yuko kwenye kemotherapia, tumbo limeanza saa fulani."

Chakula na siku zinazofuata

Chakula kipikwe, kiive, kiliwe moto. Sambaza, mayai, maharage yaliyopondwa, uji wa soya, sombe (majani ya muhogo) iliyopondwa laini. Mashanza, yaani maziwa ya mgando, na maziwa yasiyochemshwa yangoje hadi tiba iishe. Najua mzee atanuna. Kasiksi, pombe ya ndizi, nayo ingoje. Maji yachemshwe bila ubaguzi. Kama utumbo ulikuwa umeziba kidogo, punguzeni nyuzinyuzi ngumu kama za muwa na maganda. Mizizi na majani ya kienyeji msiyakatae kwa matusi, bali yaonyesheni kwa daktari. Mengine huchosha ini lile lile linalosafisha kemotherapia.

Baada ya mzunguko wa tatu au wa nne, uvimbe hupimwa tena. Ukiwa umepungua, safari inaendelea. Ukiwa haujapungua, mpango ubadilishwe, na hapo uulizwe upya: je, jina la kwanza lilikuwa sahihi? Tiba ikiisha, kliniki ni kila miezi 3 kwa miaka 2 ya kwanza, kwa kuwa ile ya seli kubwa B ikirudi, mara nyingi hurudi ndani ya muda huo.

Aliyekatwa mwisho wa utumbo mwembamba ana deni moja zaidi. Vitamini B12 hunyonywa pale tu, na ghala la ini humalizika baada ya miaka michache. Uchovu, miguu kufa ganzi na ulimi kuwa laini kama kioo vitakuja wakati familia imekwisha kusahau hospitali. Sindano yake ni ya bei ndogo. Yule muuza sambaza hupigwa yake kila miezi mitatu, na huja na mfuko ule ule wa plastiki, siku hizi una daftari moja tu ndani.